Mshenga Vitani

Kabla ya kuingia vitani alinawa mikono. Ndivyo ninavyomkumbuka kwanza: mama mzima, mpana wa mabega, amejifunga gurbaba, shuka ya Kinubi, ya rangi ya machungwa, amesimama kwenye mlango wa chumba chetu cha gemu na birika la maji. Anajimwagia vidole polepole kama mtu anayekwenda kula kisira, ule mkate mwembamba. Anajifuta, anaketi mbele ya kompyuta, anashika mausi, anatutazama mmoja mmoja na kusema, "Haya. Nani anataka kufa leo?"

Sitaandika alizaliwa wapi, wala ukoo wake unaanzia kwa askari gani wa zamani. Arua ina wazee wa kutosha wa kubishania habari hizo, na wakianza hawamalizi. Sisi tulimwita kwa kazi yake tu: Mshenga. Ukitaka kuoa, unamtuma yeye akuombee. Ukitaka kumjua kijana anayemtaka binti yako, unamwita yeye akuambie. Kwa hiyo kila harusi alikuwa pande zote mbili, na kila upande uliamini Mshenga ni wa kwao.

Chumba cha gemu ni cha mjomba wangu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli hapa Arua mjini. Mimi ndiye mwangalizi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kompyuta hazikuniuliza. Zilikuwa nne: tatu za kucheza na moja iliyokufa, ambayo mjomba alikataa kuitupa kwa sababu inajaza meza. Vijana wengi walikuja kucheza mpira. Lakini tulikuwa na gemu moja ambayo ukiionja huiachi: ya wafalme wa zamani wa ng'ambo, wa farasi na ngome na mashoka. Unapewa nchi moja na ukoo mmoja. Unalima, unapigana, unaozesha watoto wako kwa majirani ili wawe upande wako, mfalme wako anakufa, mwanawe anarithi, unaendelea. Adui wa msimu huu ni mkwe wa msimu ujao. Ni kama siasa ya mtaani kwetu, ila wao wana farasi.

Siku ya kwanza Mshenga alikuja kuchaji simu tu. Alisimama nyuma ya Jamal, mtu wetu wa boda, ambaye wakati huo alikuwa anampeleka binti wa mfalme wake kwa mfalme mwingine kwa kubofya mara moja, huku anatafuna muwa.

"Wewe," Mshenga akasema. "Mama ya huyo kijana ni nani?"

"Bibi, hii ni gemu tu."

"Ndiyo, nimeona ni gemu. Mama yake ni nani?"

Jamal akabofya kuangalia, kwa kumridhisha. Kompyuta ikaonyesha kwamba mama wa bwana harusi alikufa kwa sumu, na aliyemwekea sumu ni baba wa bwana harusi.

"Unaona?" Mshenga akasema. "Unapeleka mtoto kwa nyumba ya sumu, na mdomo iko na muwa. Toka hapo."

Jamal akatoka. Sijui kwa nini alitoka. Nadhani ni ile sauti. Imetoa watu wengi kwenye viti vyao, wakiwemo wazee wenye ndevu. Mshenga akaketi, akaniita nimfundishe, na simu yake ilipojaa hakuichukua.

Kitu kilichomfurahisha kupita vyote ni kwamba katika gemu hiyo kila mtu ameandikiwa tabia zake. Unamgusa mwana wa mfalme, unasoma: mlevi, mwoga, mpole. Unamgusa malkia: mchoyo, mcha Mungu, mwenye wivu. Mshenga alicheka mpaka akashika mbavu. "Banange! Kama Mungu angeandika watu hivi kwa paji la uso, mimi ningekufa na njaa."

Na hapa lazima niseme ukweli juu yake, kwa sababu nampenda. Mshenga alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo wa kuiba wala wa kugombanisha watu. Alikuwa mwongo wa kazi, kama fundi mwenye msumeno. Alimwombea mke kijana mmoja kule Adumi, akawaambia wazazi, "Huyu anafanya kazi kwa benki."

"Benki gani?"

"Ile kubwa."

Ni kweli kijana alikuwa benki kila siku. Alipaki boda yake mbele ya lango na kungoja abiria. Mwingine alisifiwa kuwa na ng'ombe, na baba mkwe alipokuja kutazama, Mshenga alimwonyesha ng'ombe wa jirani na kumwambia kwamba wamepelekwa pale kwa sababu ya majani. Nilimuuliza kama haogopi. Akanishangaa. "Wewe Dadamu," akasema. Aliniita Dadamu kwa sababu mama yangu analima kijiji cha jina hilo. "Nikisema ukweli, Arua yote itajaa wanaume wanaojipikia. Mimi nasema mutu vile atakuwa, si vile iko leo. Yule wa benki sasa hana boda tatu?" Alikuwa nazo mbili, lakini nilimwelewa.

Sasa usikilize ajabu yake. Mtu huyo huyo, akishanawa mikono na kushika mausi, hakusema uongo tena. Gemu ile imetengenezwa kwa ajili ya wasaliti. Ukiwa mwaminifu unaliwa. Sisi wote tulivunja mapatano kama njugu. Jamal aliwahi kufanya mapatano na nchi tatu asubuhi na kuzipiga zote kabla chai haijapoa. Mshenga, hapana. Akiozesha binti yake mahali, mahali hapo pamekuwa kwao. Mara moja mkwe wake, mfalme mmoja mzee asiye na hata askari wa kulinda kuku, alivamiwa na majirani wawili. Tulimwambia, "Bibi, mwache huyo, atakuangusha." Alipeleka jeshi lake lote, akapoteza nusu ya nchi, mkwe naye akafa hata hivyo.

"Kwa nini, Bibi?"

"Mimi hapana piga mkwe, na hapana acha mkwe. Nimekula kwake."

"Hukula! Ni picha!"

"Kutwa nzima nadanganya kwa ajili ya watoto ya watu," akasema. "Hapa nimekuja kupumzika."

Ndipo akatuletea ile tabaga. Tabaga ni kile kifuniko cha kusuka cha rangi rangi ambacho akina mama wa Kinubi hufunikia chakula. Kwao, ukipelekewa chakula na wakwe, tabaga hairudi tupu. Unaweka hata ndimu mbili. Ukiirudisha tupu umesema kitu ambacho mdomo hauwezi kusema. Mshenga akaitundika msumarini juu ya kompyuta na kutoa amri: anayetaka kuvunja mapatano aitoe kwanza, aiweke kifudifudi mbele ya mwenzake, ndipo apige vita. "Vita bila salamu ni ya fisi." Jamal alijaribu kupiga bila tabaga, na kwa wiki nzima Mshenga alimtazama kama anatazama ukuta. Jamal akarudi na sukari kilo moja na uso wa mtu aliyefiwa.

Majina ya nchi za ng'ambo hakuyajali. Alizibatiza upya. Mashamba mazuri ya kaskazini yalikuwa Adumi. Mji ambapo majeshi yaliyojeruhiwa hulala mpaka yapone ulikuwa Kuluva, na ni haki, maana wagonjwa wetu pia huenda huko. Makao yake makuu yalikuwa Arua. Na ng'ambo ya mto mpana, kwenye nchi ya milima midogo, aliniambia niandike Koboko, mji jirani yetu. Nikamtazama. "Andika," akasema, "ina kelele ya jirani."

Hapo ndipo shida yangu inaingia. Shida yangu ilikuwa na jina, nalo ni Zaituna.

Zaituna ana kibanda Koboko cha kuchaji simu na kuchapisha karatasi, na kompyuta moja. Tulijuana kwa kupeana gemu: mimi naweka gemu kwenye flashi, naikabidhi kwa dereva wa taksi ya Koboko, yeye anarudisha flashi na nyingine. Halafu tukaanza kuwekeana salamu humo. Halafu nikaenda mwenyewe kuleta flashi ambayo dereva angeweza kuileta, na mimi niliporudi Arua sikuweza kumaliza chakula. Nilitaka kumwoa. Bado sikuwa na kitu, lakini nilikuwa na mpango: siku moja nitatengeneza gemu ya kwetu, ya West Nile, yenye falme zetu na wakwe zetu na mvua zetu. Nilimwambia Zaituna, naye hakucheka. Nani mwingine hatacheka?

Lakini Zaituna amelelewa na bibi yake, na bibi yake ni mdogo wake Mshenga, tumbo moja. Na hao wawili walikuwa hawasemezani.

Hakukuwa na kesi wala ugomvi wa kelele. Kilikuwa kimya tu, kimekauka kama ngozi ya ngoma. Kwenye matanga walikaa mkeka mmoja, na mmoja akitaka chumvi alimwambia jirani, "Mwambie huyo mama anipe chumvi," na huyo mama alikuwa ameshika chumvi tayari, magoti yao yanagusana. Sababu kila mtu aliijua. Miaka ya nyuma Mshenga alimwombea mume binti wa mdogo wake. Akasema, "Huyu ni dereva, ana gari yake." Kijana alikuwa turnboy, utingo tu, gari aliyokuwa nayo ni ile aliyoning'inia nyuma. Alimzaa Zaituna, akavuka kwenda Sudan kutafuta, na mpaka leo anatafuta. Mdogo mtu hakutukana. Alisema neno moja tu, "Hata mimi?" kisha akafunga mdomo. Mshenga alikuwa amedanganya nusu ya wilaya, lakini ule uongo mmoja aliutia nyumbani kwao.

Sasa Zaituna alimdokezea bibi yake habari zangu, na jibu likaja kwenye flashi, Zaituna amelichapa neno kwa neno: "Mwambie huyo kijana, kama mshenga wake ni dada yangu, asije. Na kama ni mtu mwingine pia asije, maana nitajua ni dada yangu amemtuma." Chini Zaituna akaongeza kwamba kuna mwuza magodoro wa pale sokoni ambaye mshenga wake ameshakuja mara mbili, na godoro moja limeshaachwa kama salamu, na bibi yake analilalia.

Nilimsomea Mshenga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Godoro nzuri?" akauliza.

"Bibi!"

"Nauliza tu. Mgongo wake inamsumbua." Akanawa mikono, akaingia vitani, na hakusema zaidi.

Sisi vijana tukaona tutumie akili. Nikapendekeza Arua icheze na Koboko kwa gemu moja. Intaneti ya kucheza moja kwa moja hatuna, lakini gemu ile inakubali kwenda kwa zamu: unacheza msimu wako, unasevu kwenye flashi, unampa dereva wa taksi, mwenzako anacheza wake. Dereva akaizoea kazi. Akifika anapiga honi na kuuliza, "Leo nabeba vita ama nabeba amani?" Arua ilichezwa na Mshenga. Na Koboko? Zaituna aliandika kwamba atacheza mwenyewe. Lakini msimu wa pili tu niliona uchezaji umebadilika. Mchezaji wa Koboko alianza kupanda zabibu kila mahali, hakununua askari hata mmoja, aliozesha binti wa mwisho kabla ya wa kwanza, na kijiji kimoja kidogo kando ya mto, kisicho na ukuta wala dhahabu, alikiita Kwa Mama.

Mshenga alilitazama jina hilo muda mrefu. Nikajifanya narekebisha waya.

"Huyu mchezaji wa Koboko," akasema, "ni mtoto?"

"Sijui, Bibi. Labda."

"Hmm. Mtoto mkaidi. Anapanda kabla ya kujenga ukuta. Ukimwambia hasikii. Hata zamani ukimwambia alikuwa hasikii."

Alijua. Mimi nilijua kwamba anajua. Mchezaji wa Koboko naye, Zaituna aliniandikia, alikuwa anauliza kila flashi ikifika, "Huyo mnene wa Arua amefanya nini?" na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mchezaji wa Arua ni mnene. Lakini hakuna aliyelitaja jina. Tukaendelea hivyo, msimu kwa msimu. Mshenga alimpa Koboko mwanawe bora kabisa aoe binti wa mwisho: mpole, mkweli, hodari wa bustani. Alichagua nusu siku, akiwatupa wengine. "Huyu hapana, mlevi. Huyu hapana, anapenda kusafiri." Alipompata akasema taratibu, "Sasa hii ni kweli. Imeandikwa." Nchi zikawa wakwe. Adui wa kaskazini akija, Mshenga alisimama mbele ya zabibu za Koboko kama ukuta ambao Koboko hakujenga.

Nikaandika kwa Zaituna: imefanya kazi! Zaituna akajibu: haijafanya. Bibi anacheka akicheza, lakini nikisema neno Arua nje ya gemu anainuka kwenda kuchungulia sufuria. Na mwuza magodoro ameleta mito.

Basi ikawa siku moja baada ya mvua, chumba ni kitupu, Mshenga ameketi anatazama ramani na hachezi.

"Dadamu. Mimi na Koboko tuko vipi hapa?"

"Mko salama, Bibi. Ni wakwe."

"Na hapa?" Akaonyesha nchi nyingine, ya mbali, ambayo hajawahi kuigusa. "Mimi na hawa?"

"Hamna kitu. Hamjuani."

"Nataka kufanya amani na hawa. Kitufe cha amani iko wapi?"

"Haipo, Bibi. Kitufe cha amani kinatokea ukiwa vitani tu. Kama hampigani, huwezi kuomba amani. Utaomba amani ya nini?"

Akaniangalia. Nikarudia, nikidhani hajaelewa. Nikamwonyesha: hapa ni vita, kitufe hiki hapa. Hapa si vita, hakuna kitufe, ni kimya tu.

"Kimya tu," akasema.

Akamimina chai yake nje, iliyojaa, kitu ambacho sijamwona akifanya tena. Akasimama, akanyoosha mkono, akatoa tabaga msumarini.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nani iko na jeshi karibu na ule mto?"

"Wewe. Linamlinda mkwe wako."

"Basi liingie."

Nilimsihi. Nikamwambia, Bibi, wewe huvunji mapatano, wewe umepoteza nusu ya nchi kwa ajili ya yule mzee wa kuku, Bibi, Zaituna wangu! Sauti yangu ilipasuka kama ya jogoo mdogo. Alinipiga kofi dogo la mkono, akabofya mwenyewe. Hakugusa mji mkuu, hakugusa zabibu. Katika nchi nzima alichukua kijiji kimoja tu, kile kisicho na ukuta. Kwa Mama. Halafu akaweka flashi ndani ya tabaga tupu, bila ndimu, bila hata punje ya simsim, akaifunga kwa kanga, akampa dereva.

"Leo nabeba nini?" dereva akauliza.

"Vita," akasema Mshenga. "Endesha polepole, barabara ina mashimo."

Sikula. Niliwaza godoro na mito, nikawaza Zaituna amelala juu yake. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, simu ikalia. Si ya Mshenga; wale dada wawili hawakuwa na namba za wenzao. Ilikuwa yangu, na jina kwenye kioo lilikuwa la Zaituna, lakini sauti haikuwa yake.

"Mpe huyo mwizi!"

Nikampa simu. Sauti ilitoka hata bila spika.

"Mwizi! Mwizi wa vijiji! Umeninyang'anya Kwa Mama! Tabaga tupu! Mimi? Tabaga tupu, mimi?"

Mshenga aliitenga simu na sikio, akaitazama kama mtu anatazama mtoto aliyezaliwa. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anatabasamu hadi meno ya nyuma. Akaniambia kwa kunong'ona, "Amesema na mimi."

Kisha akairudisha sikioni na kupaza sauti: "Nani alikuambia upande bila kujenga ukuta? Mama hakukuambia? Hata kule nyuma ya nyumba yetu, si mbuzi walikula mihogo yako yote, ukasema ni mimi nimefungua?"

"Ni wewe ulifungua!"

"Ni mimi! Lakini ungejenga!"

Waliendelea mpaka muadhini akawakatiza, wakaenda kusali, kila mmoja kwake, wakarudi kwenye simu. Chaji ilipokwisha nilikuwa nimeshajua nani alivunja mtungi, nani alimpenda dereva wa lori la jeshi, na nani mama yao alimwita kwa jina mara ya mwisho. Hapo wote wawili walinyamaza kidogo, na hicho hakikuwa kimya kile cha zamani.

Tukaenda Koboko. Mshenga alivaa gurbaba mpya na mimi nikavaa suruali ya mjomba. Njiani alinifundisha nitakavyokaa na nitakavyotazama chini, na mimi nilingoja anieleze nitakuwa nani safari hii: mhandisi, karani, mwenye shamba. Hakunieleza.

Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye godoro. Ni mwembamba jinsi Mshenga alivyo mnene, lakini macho ni yale yale. Hawakukumbatiana. Mdogo akasema, "Jeshi lako liko wapi?" Mshenga akanionyesha mimi. Mdogo akanipima toka kichwa hadi viatu.

"Hili ndilo jeshi?"

"Ndilo."

"Ana nini?"

Nikatazama chini kama nilivyofundishwa. Mshenga akajisafisha koo. Nilimjua vizuri sasa, nilijua uongo wake unavyopanda, kama maziwa yanayotaka kuchemka.

"Hana kitu," akasema.

Nikainua kichwa.

"Chumba ni cha mjomba wake. Shule aliacha. Suruali hii pia ni ya mjomba. Iko na ndoto ya kutengeneza gemu; ameieleza kwangu mara nyingi na mimi bado sijaelewa. Mpole. Muoga kidogo. Juzi alilia kwa sababu ya mjukuu wako huyu, akadhani sijaona. Hapendi kusafiri." Akapangusa paji langu la uso kwa kiganja kana kwamba lina vumbi. "Hiyo ndiyo imeandikwa. Kwa nyumba hii sitaongeza kitu tena."

Zaituna alikuwa amesimama mlangoni na birika. Bibi yake akamnyooshea kidole, lakini alikuwa anamtazama dada yake.

"Ule uongo wako," akasema, "ndio ule umesimama pale na chai. Kila asubuhi ananiamsha na kuniuliza mgongo. Nilikasirika miaka yote hii, na sikuweza kutamani kwamba usingesema."

Mshenga akajifunika uso na gurbaba mpya. Mdogo akageukia ukuta, akaita, "Leta tabaga!" Ikaletwa, ile ile, na safari hii chini yake kulikuwa na kisira, samaki mkavu na simsim. Mshenga akaifunua kwa mkono wake. Kwa hiyo nilikuwa nimekubaliwa. Nilisubiri mtu aseme, lakini mkono ulishasema, na Zaituna akanimwagia chai mguuni.

"Ila," mdogo akasema, mdomo umejaa, "kijiji changu kwanza."

"Kijiji hapana."

"Msichana umepata, kijiji rudisha!"

"Msichana ni wa Dadamu. Kijiji ni yangu."

Niliingilia kati, mjinga mimi. Nikasema, Bibi, sasa mko vitani, kitufe kipo, bofyeni tu amani, yaishe. Dada wawili wakanigeukia kwa pamoja na macho yale yale, na Zaituna akanivuta shati nikae.

Tumefunga ndoa, mimi na Zaituna. Mwuza magodoro alikuja harusini, akala vizuri, na godoro lake hakulidai. Mshenga alikuwa ameshamtafutia mtu, na sijui alimsifu vipi. Gemu yangu ya West Nile bado iko kichwani na kidogo kwenye flashi. Nilipomwambia Mshenga atakuwa ndani yake alisema, "Niweke, lakini tabia zangu usiandike." Naona nimeshamkosea.

Mwezi uliopita nilimkuta nyumbani kwake, amekaa barazani. Macho yamekuwa na ukungu na chumbani kwa gemu haji tena. Mimi ndiye ninayempelekea habari na kubofya anachoamua. Alikuwa anasuka tabaga kwa vidole, bila kutazama. Nilimletea birika. Akanawa mikono, kidole kimoja kimoja.

"Flashi ya Koboko imefika?"

"Imefika, Bibi. Wamezingira tena kile kijiji. Mwaka huu mdogo wako amejenga na ukuta, upande wake wote wa mto."

"Amejenga ukuta?" Akacheka bila sauti, mabega yanapanda. "Sasa amesikia. Miaka yote hii." Akatafuta uzi mwekundu kwa kupapasa, nikampa. "Na kitufe? Bado iko?"

"Bado ipo. Nibofye?"

"Dadamu, umeoa na bado hujapata akili." Akavuta uzi, akakaza. "Bado tuko vitani?"

"Bado, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema Mshenga. "Basi mpigie simu."